Nakuru iliwaka ikiwa chini ya serikali moja: je, shirikisho la dunia lingeleta amani gani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Historia na Serikali katika shule ya upili mjini Nakuru. Kidato cha nne walijadili hoja kwamba vita vitakoma siku dunia itakapokuwa na serikali moja ya shirikisho. Mwanafunzi mmoja akauliza: mwaka 2008 Kenya ilikuwa na serikali moja, jeshi moja na mahakama zake, na bado Nakuru iliwaka, kwa nini basi tuamini kwamba serikali ya dunia ingefanya vizuri zaidi? Sikuwa na jibu la kumridhisha. Je, hoja hii ina msingi, au ni ndoto ya wasomi tu?

Jibu: Mwalimu, naomba umpongeze mwanafunzi huyo kwa niaba yangu, kwa kuwa amegusa jambo ambalo watetezi wengi wa shirikisho la dunia hulipita bila kulitazama. Wao husema kwamba penye serikali moja pana amani na penye serikali nyingi pana vita, kisha wakahitimisha kwamba dunia ikipata serikali moja kazi imekwisha. Kijana wa Nakuru anajua kwamba hoja hiyo ina pengo, maana huenda wazazi wake au majirani zao waliishi chini ya serikali moja na bado wakajikuta wamelala kambini katika Uwanja wa Maonyesho ya Kilimo. Mimi naiunga mkono hoja ya shirikisho la dunia kwa dhati, na yaliyotokea Nakuru ni sehemu ya sababu zangu. Ndiyo maana nitaanza hapo, kisha nifike kwenye Umoja wa Mataifa.

Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, muda mfupi baada ya kutangazwa kwa matokeo yaliyopingwa vikali, rais aliapishwa. Upinzani ulikataa kwenda mahakamani ukisema kwamba mahakama hazikuwa huru. Ghasia zilizofuata ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Wakati huo nchi yetu ilikuwa na kila chombo ambacho dunia haina: katiba, bunge, jeshi moja, polisi, na Mahakama Kuu yenye uwezo wa kusikiliza kesi ya uchaguzi wa urais. Kilichokosekana ni imani kwamba vyombo hivyo ni vya wote. Tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wenyewe, ilisema kwamba ulivurugika kiasi cha kutowezekana kujua kwa uhakika nani alishinda. Polisi nao hawakuonekana kuwa mlinzi wa kila raia: mjini Kisumu wengi wa waliokufa walikufa kwa risasi, ilhali Nakuru na Naivasha, mwishoni mwa Januari 2008, makundi yenye mapanga yaliwasaka watu mitaani kwa kabila zao na ulinzi ukafika umechelewa.

Sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi, ni kwamba mamlaka yote yalikuwa yamelundikwa mahali pamoja. Katiba ya uhuru ya 1963 iliigawa nchi katika majimbo saba pamoja na Eneo la Nairobi, lakini mabaraza ya majimbo hayo yalinyang'anywa nguvu zake ndani ya muda mfupi. Kufikia 2007, rais ndiye aliyeteua majaji, makamishna wa uchaguzi na wakuu wa mikoa, na ofisi yake ndiyo iliyokuwa na sauti ya mwisho juu ya ardhi ya umma. Aliyeshindwa uchaguzi katika mfumo kama huo aliona kwamba ameshindwa kila kitu, yeye na jamii yake, kwa miaka mitano au kumi. (Najua kwamba jina la majimbo lina uchungu wake katika Bonde la Ufa, kwa sababu katika miaka ya 1990 wanasiasa walilitumia kuwafukuza watu kwenye mashamba yao. Naomba wanafunzi wako watenganishe matumizi hayo maovu na wazo lenyewe la kugawana mamlaka.)

Moto huo ulizimwa namna gani? Ulizimwa kwa kuitwa mamlaka iliyo nje ya wagomvi. Jopo la Umoja wa Afrika likiongozwa na Kofi Annan, pamoja na Graça Machel na Benjamin Mkapa, liliwaketisha wagomvi mezani, na tarehe 28 Februari 2008 wakatia saini mapatano ya kugawana madaraka. Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 27 Agosti 2010, tukapata Katiba iliyogawa mamlaka kati ya serikali ya taifa na kaunti 47, iliyoweka wazi katika Jedwali la Nne kazi za kila ngazi, iliyozihakikishia kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na iliyounda Mahakama ya Juu ya kuamua kesi za urais. Kenya haikuwa shirikisho kamili kwa hatua hiyo, lakini iliingia katika njia ya fikra za kishirikisho. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani, na mwaka 2022 ikathibitisha ushindi uliopingwa. Mara zote mbili aliyeshindwa kesi alilalamika, lakini nchi haikurudi katika hali ya 2008. Sitaficha kwamba watu waliuawa Kisumu mwaka 2017 pia, na kwamba kila uhai uliopotea pale ni deni juu ya dola yetu. Hata hivyo tofauti kati ya miaka hiyo miwili ipo, na chanzo chake ni kwamba safari hii palikuwa na mwamuzi ambaye pande zote mbili zilikubali kusimama mbele yake.

Tazama pia migogoro yetu ya mipaka hapa magharibi. Kisumu na Vihiga zimegombania Maseno kwa miaka mingi, na Sondu, kwenye mpaka wa Kisumu na Kericho, damu imemwagika. Magavana wametoleana maneno makali. Lakini hakuna mtu wa Luanda, upande wa Vihiga, anayelala akihofia kwamba usiku serikali ya Kaunti ya Kisumu itavamia kwa vifaru. Kaunti hazina majeshi, na Kifungu cha 188 cha Katiba kimeeleza njia ya kubadilisha mpaka: tume huru ipendekeze, kisha theluthi mbili ya wabunge wote na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti wakubali. Njia hiyo ni ndefu na inachosha, na watu wa Maseno wana haki ya kulalamika kuihusu. Hata hivyo inafanya vita kati ya kaunti mbili kuwa jambo lisilofikirika, na hilo ndilo tunalolitafuta kwa mataifa.

Sasa tuitazame dunia kwa macho hayo. Dunia ya leo iko katika hali ya Kenya ya Desemba 2007, tena mbaya zaidi, kwa kuwa wenye nguvu hawana hata mahakama ya kuikataa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, uliotiwa saini San Francisco tarehe 26 Juni 1945, unakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, lakini uliwapa wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama kura ya turufu, yaani uwezo wa yeyote kati yao kulizima azimio peke yake. Tarehe 25 Februari 2022, siku moja baada ya Urusi kuivamia Ukraine, wajumbe 11 wa Baraza waliunga mkono azimio la kulaani uvamizi huo, watatu wakajizuia, na Urusi peke yake ikalizima. Mshtakiwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha hakimu. Kenya ilikuwa miongoni mwa wale 11, na siku nne kabla balozi wetu Martin Kimani alikuwa ameliambia Baraza kwamba Afrika pia ilirithi mipaka iliyochorwa na wakoloni, mipaka iliyotenganisha ndugu, na bado ilichagua kuiheshimu badala ya kuichora upya kwa damu. Alisema kweli, na sisi wa huku tuna ushahidi wa karibu: hadi 1902, Kisumu na Nakuru zilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, kisha Waingereza wakazihamishia upande wa Kenya kwa uamuzi wa kiofisi. Mwaka 1976 Idi Amin aliitumia historia hiyo kudai sehemu ya magharibi ya Kenya.

Wala si Urusi peke yake. Marekani imetumia turufu zaidi ya mara 80, nyingi kati ya hizo kwa ajili ya kuikinga Israeli. Na pale ambapo turufu haikuwa kikwazo, ukosefu wa nguvu ulitosha kuwa kikwazo. Kifungu cha 43 cha Mkataba kilitaka nchi zilipatie Baraza vikosi vya kudumu kwa makubaliano maalumu. Hakuna makubaliano hata moja yaliyowahi kufanyika. Hivyo mwezi Aprili 1994, mauaji ya kimbari ya Rwanda yakiwa yameanza, Baraza lilipunguza kikosi chake kutoka askari wapatao 2,500 hadi 270 hivi, kwa sababu mataifa yaliyoombwa askari yalikuwa na mamlaka ya kuwaondoa. Mto Kagera ulileta miili hadi katika Ziwa Victoria, ziwa hili hili letu.

Watetezi wa shirikisho hupenda kuishia hapo, kwenye turufu. Mimi naona kwamba turufu ni dalili, na ugonjwa wenyewe uko chini yake. Ugonjwa ni kwamba sheria ya dunia huziagiza dola wakati wanaotenda ni watu. Hili ndilo kiini cha wazo la shirikisho, na lilielezwa vizuri na Alexander Hamilton wakati makoloni 13 ya zamani ya Marekani yalipokuwa yakijadili katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787. Chini ya makubaliano yao ya awali, ya 1781, bunge la pamoja lilikuwa likiyaomba majimbo fedha na askari. Jimbo likikataa, hapakuwa na la kufanya isipokuwa kulivumilia au kulipiga vita. Hamilton alisema kwamba sheria inayoyaelekea majimbo yenyewe, badala ya mtu mmoja mmoja, haiwezi kutekelezwa bila vita. Dawa yake ilikuwa kwamba serikali ya pamoja imfikie raia moja kwa moja, impe kura, imtoze kodi, na ikibidi imshtaki yeye binafsi mbele ya hakimu.

Fikiria kijiji ambacho mwizi mmoja akiiba ng'ombe, ukoo wake wote huchomewa nyumba. Hakuna mwizi atakayesalimishwa katika kijiji hicho, kwa sababu ukoo mzima utamkinga ili kujikinga wenyewe. Hivyo ndivyo vikwazo vya kiuchumi na mabomu vinavyofanya kazi leo: kiongozi anaamuru, na raia wa kawaida wanakosa dawa na mkate, kisha wanamkumbatia kiongozi yule yule kwa hasira dhidi ya wageni. Sheria ikimfuata aliyeamuru, ukoo hauna sababu ya kupigana.

Tumeliona jambo hili likifanya kazi, na tumeliona likishindwa, na Kenya imeshiriki katika yote mawili. Mnamo Julai 1997 polisi wetu jijini Nairobi walishirikiana na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha kumkamata Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari. Mwaka uliofuata alikiri makosa na kufungwa maisha. Hakuna Mnyarwanda wa kawaida aliyepigwa bomu ili hilo litendeke. Lakini siku ile ile tuliyozindua Katiba mpya, tarehe 27 Agosti 2010, Omar al-Bashir wa Sudan alikuwa mgeni katika bustani ya Uhuru, akiwa na hati ya kukamatwa iliyotolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo Kenya ni mwanachama wake, na akaondoka kwa amani. Kesi za Wakenya katika mahakama hiyo nazo ziliisha bila hukumu, moja ikiondolewa na mwendesha mashtaka Desemba 2014 na nyingine kusitishwa Aprili 2016. Waathiriwa wa Nakuru na Naivasha hawajapata jibu la kimahakama hadi leo. Na Oktoba 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa uamuzi wake kuhusu mpaka wetu wa baharini na Somalia, serikali yetu iliukataa. Tunapoilaumu Urusi, na tunapaswa kuilaumu, tukumbuke kwamba nasi tumewahi kumkataa mwamuzi alipotuhukumu, ingawa hatukuchukua silaha.

Hofu kubwa ambayo wanafunzi wako watakuwa nayo, na wana haki nayo, ni udikteta. Serikali ya dunia ikiharibika, mtu atakimbilia wapi? Leo mkimbizi wa kisiasa huvuka mpaka wa Busia au Malaba. Kesho asingekuwa na mpaka wa kuvuka. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyeandika juu ya amani ya kudumu mwaka 1795, aliiogopa dola moja ya dunia kwa sababu hii hii, akapendelea muungano wa mataifa huru. Naichukulia hofu hiyo kwa uzito wote, na ndiyo sababu sitetei serikali moja ya dunia inayotawala kila kitu. Ninachotetea ni shirikisho lenye mamlaka machache sana yaliyoorodheshwa, huku yote yasiyoorodheshwa yakibaki kwa mataifa. Katika orodha yangu ningeweka silaha za nyuklia, ambazo zinakadiriwa kufikia 12,000 na nyingi ziko mikononi mwa Marekani na Urusi. Ningeweka uvamizi wa nchi moja dhidi ya nyingine, mauaji ya kimbari, na mahakama ya lazima ya migogoro ya mipaka. Elimu, dini, lugha, ardhi, ndoa na mirathi visiguswe kabisa. Shirikisho linalotaka kuamua ni mahindi gani yapandwe Njoro litakuwa limekwisha kupotea njia.

Juu ya hayo, mamlaka yenyewe machache yangegawanywa tena. Hapa Kenya yetu inatoa mfano ambao wanafunzi wataushika mara moja. Kwa sensa ya 2019, Kaunti ya Nakuru ina watu 2,162,202 na Lamu ina 143,920. Katika Seneti kila moja ina seneta mmoja wa kuchaguliwa. Katika Bunge la Taifa Nakuru ina maeneo bunge 11 na Lamu mawili. Aliye mdogo hamezwi, na aliye mkubwa hasahauliwi. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lina nusu tu ya mpango huo: Nauru, yenye watu 12,000 hivi, ina kura moja sawa na India yenye watu zaidi ya bilioni 1.4, na kwa sababu hiyo wakubwa hawakubali kamwe maazimio yake yawe sheria. Bunge la dunia lenye mabaraza mawili, moja la mataifa na moja la watu, lingeondoa kisingizio hicho. Afrika yenyewe imeweka dai lake wazi tangu 2005, pale Umoja wa Afrika ulipotaka viti viwili vya kudumu katika Baraza la Usalama, vyenye turufu. Naelewa uchungu uliozaa dai hilo, lakini nadhani kuongeza wenye turufu ni kuongeza washtakiwa wanaokalia kiti cha hakimu.

Kuna pingamizi jingine, ambalo kwangu ni gumu kuliko la udikteta. Mashirikisho nayo hupigana ndani kwa ndani. Marekani yenyewe, miaka 74 tu baada ya Philadelphia, iliingia katika vita vilivyoua zaidi ya wanajeshi 600,000. Nigeria ilikuwa shirikisho ilipoingia vita vya Biafra mwaka 1967. Jirani zetu Ethiopia wana katiba ya shirikisho ya mwaka 1995, tena yenye haki ya kujitenga, na kuanzia Novemba 2020 hadi Novemba 2022 Tigray iligeuka uwanja wa mojawapo ya vita vibaya zaidi vya kizazi hiki. Siwezi kumwambia mwanafunzi wako kwamba shirikisho ni kinga kamili. Lakini tukizikagua kesi hizo, tunaona mambo yanayojirudia: majimbo yaliyobaki na majeshi au wanamgambo wao, mwamuzi wa katiba ambaye upande mmoja haukumwamini, na swali kubwa lililoachwa bila jibu wakati wa kuunda muungano, kama utumwa ulivyoachwa Marekani. Ethiopia iliruhusu mikoa kuwa na vikosi maalumu vyenye silaha, na suala la mpaka wa Tigray na Amhara liliachwa likachacha. Uswisi, kwa upande mwingine, ilitoka katika vita vifupi vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1847, ikaandika katiba ya shirikisho mwaka 1848, na majimbo yake ya lugha nne na madhehebu mawili hayajapigana tangu hapo. Uwezekano wa amani upo, lakini unategemea jinsi jengo lilivyojengwa, na hilo ndilo somo lile lile la Nakuru.

Kuhusu gharama nitasema kidogo tu. Mwaka 2024 dunia ilitumia takriban dola trilioni 2.7 kwa majeshi, wakati bajeti ya mwaka ya operesheni za kulinda amani za Umoja wa Mataifa ilikuwa dola bilioni 5.6 hivi. Anayesema kwamba shirikisho ni ghali aangalie kwanza tarakimu hizo mbili.

Je, ni ndoto ya wasomi? Albert Einstein aliliandikia Baraza Kuu barua ya wazi mwaka 1947 akitetea serikali ya dunia, na wengi walimwona kuwa msomi mwenye ndoto. Sheria haiwasaidii waotaji: Mkataba wa Umoja wa Mataifa haurekebishwi bila theluthi mbili ya wanachama kuridhia, wakiwemo wote watano wenye turufu, na mkutano wa kuupitia upya ulioelezwa katika Kifungu cha 109 haujawahi kuitishwa. Sitarajii kuliona shirikisho la dunia katika maisha yangu. Lakini naona hatua ambazo kila moja ina faida yake hata kama inayofuata haitafika: nchi nyingi zaidi kukubali mamlaka ya lazima ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo Kenya ilijiondoa kwayo mwaka 2021 na ingepaswa kurejea, Mahakama ya Jinai kupata fedha na ushirikiano wa polisi, na mashirikisho ya kikanda kujifunza kazi hiyo kwa udogo kwanza.

Hilo la mwisho linatuhusu moja kwa moja. Mnamo Juni 1963 Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza Nairobi kwamba wangeunda Shirikisho la Afrika Mashariki mwaka huo huo. Halikuundwa. Jumuiya ya 1967 ilivunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata majeshi ya Amin yaliingia Kagera, nchini Tanzania. Jumuiya ya sasa, iliyoundwa kwa mkataba wa 1999, inalitaja shirikisho la kisiasa kuwa lengo lake la mwisho, na mwaka 2017 marais walikubaliana kupitia kwanza hatua ya muungano legevu zaidi. Lakini wabunge wake huchaguliwa na mabunge ya nchi, si na wananchi, na maamuzi makubwa hufanywa na marais kwa makubaliano ya wote. Matokeo tunayaona Kongo: kikosi cha Jumuiya kilichotumwa huko Novemba 2022 kiliondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kukataa kukiongezea muda, na Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma. Kongo inaishutumu Rwanda kwa kuwaunga mkono, Rwanda inakana, na zote mbili ni wanachama wa Jumuiya moja yenye mahakama moja Arusha. Kama Jumuiya ya nchi nane haiwezi kumleta mwanachama mbele ya hakimu wake, dunia ya nchi 193 haitaweza. Ndiyo maana mimi ningeweka nguvu zetu hapa kwanza: wabunge wa Arusha wachaguliwe moja kwa moja na raia, na mahakama ya Arusha ipewe mamlaka ya lazima juu ya migogoro ya mipaka na matumizi ya nguvu.

Kwa mjadala utakaofuata, Mwalimu, ningependekeza wanafunzi waache hoja ya ndiyo au hapana na waandike jedwali lao wenyewe kwa mfano wa Jedwali la Nne: safu ya kaunti, ya taifa, ya Afrika Mashariki na ya dunia. Wakiisha, wape Migingo, kisiwa kisichofika hata nusu ya uwanja wa kandanda, ambacho Kenya na Uganda zimevutana juu yake kwa miaka mingi, chenye mwamba mdogo na maji yenye samaki pembeni yake. Waulize mwamba uamuliwe na safu ipi, samaki wasimamiwe na safu ipi, na mvuvi wa Homa Bay au Migori aliyepigwa na askari wa nchi nyingine ampeleke askari huyo mahakama gani. Wakifikia swali la mvuvi watagundua kwamba kwa sasa safu zote nne hazina jibu la uhakika kwake, na hapo wataanza kubishana juu ya jambo lenyewe.